Mafuta Mepesi, Vumbi la Kiangazi na Majibu ya Maabara

Mwezi Juni 2022 nililipa dola 180 ili karteri ya pikapu yangu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya injini, ishushwe na beringi za krankishafti, mhimili mkuu wa injini, zikaguliwe, nikitafuta ugonjwa ambao haukuwako huko. Beringi zilikuwa safi. Fundi alizifuta kwa kitambaa, akanionyesha moja baada ya nyingine, kisha akazirudisha mahali pake, na mimi nikabaki na karatasi ya maabara mkononi ambayo nilikuwa nimeisoma kwa woga badala ya kuisoma kwa akili. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi na wa njia ya Likasi na Kolwezi wanaoendesha magari ya dizeli kwa biashara, ambao wameanza kusikia habari za mafuta mepesi ya injini na habari za kupima mafuta yaliyotumika, ili fedha niliyoipoteza mimi wasiipoteze wao.

Nina pikapu mbili za modeli moja, zenye injini ya dizeli ya silinda nne na turbo. Nyeupe hupeleka bidhaa mashambani kwa njia za udongo mwekundu. Ya kijivu hufanya safari ya lami ya Kolwezi, kiasi cha kilomita 300, na mara nyingi hungoja saa nyingi kwenye malango ya migodi injini ikiwa imewashwa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, nilifanya vidanje, yaani kubadilisha mafuta ya injini, kwa mafuta mazito ya 15W-40, kama wanavyofanya karibu wote ninaowafahamu. Kitabu cha gari, hata hivyo, kiliruhusu madaraja kadhaa, na 5W-30, iliyo nyepesi zaidi, ilikuwamo. Mafuta mepesi huipunguzia injini kazi ya kuyasukuma, hivyo dizeli kidogo huokolewa, na asubuhi za baridi za Juni na Julai, ambazo hapa kwetu penye mwinuko wa mita 1,200 hivi si baridi ya mzaha, huwahi kufika juu ya injini. Niliamua kujaribu kwenye pikapu nyeupe.

Fundi wangu wa Kamalondo, mzee ninayemwita Papa kwa heshima ya umri na ya kazi yake, alitumbukiza kidole ndani ya mafuta mapya akayasugua.

“Mama, haya ni maji,” akasema. “Turbo itakulilia.”

“Papa, kitabu kinayaruhusu.”

“Kitabu hakiendeshi gari mashambani.”

Sikuwa na la kumjibu, na ndiyo maana nilitafuta maabara. Migodi imekuwa ikipima mafuta ya mashine zake kwa miaka mingi, na nilipata maabara ng’ambo ya mpaka, upande wa Zambia, iliyokubali kupokea chupa za mtu binafsi. Kila chupa ilinigharimu dola 40, usafirishaji kupitia Kasumbalesa ukiwamo. Niliona ni fedha ndogo kuliko bei ya injini, na mpaka leo naona hivyo, mradi chupa yenyewe iwe na kitu cha kweli ndani yake.

Chupa yangu ya kwanza haikuwa hivyo. Nilikinga mafuta asubuhi injini ikiwa baridi, nikachukua yale ya kwanza kabisa yaliyotoka kwenye tundu la karteri, yaani mashapo ya usiku kucha, nikayatia katika chupa ya maji ya kunywa niliyodhani imekauka. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: chuma sehemu 96 kwa milioni, silikoni 41, alumini 19, na dalili ya maji. Niliposoma 96, nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba mtoto wake anaumwa. Nikatuma haraka chupa ya pikapu ya kijivu, iliyokuwa bado na 15W-40, na jibu lake likawa chuma 18 na silikoni 6. Hukumu ikanijia yenyewe: mafuta mazito 18, mafuta mepesi 96. Nikaiuza kwa hasara ya dola 60 akiba ya madumu manne ya 5W-30 niliyokuwa nayo, nikaruhusu karteri ishushwe, na Papa, ambaye hakunicheka hata kidogo, akasema tu kwamba alikuwa ameniambia.

Baada ya beringi kuonekana safi ndipo nilipopiga simu maabara. Kijana aliyepokea alikuwa mtaalamu wa kusoma majibu. Tulizungumza Kibemba, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotuunganisha pande zote mbili za mpaka, naye aliniita Bamayo, yaani Mama, na kunisikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema neno. Kisha akauliza: “Bamayo, magari haya mawili yanapita njia moja?”

Hayakupita njia moja. Akaniambia niache kwanza chuma, nianze na silikoni na alumini zikiwa pamoja. Vumbi la ardhini kwa sehemu kubwa ni mchanga, ambao una silikoni, pamoja na udongo wa mfinyanzi, ambao una alumini. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba injini inavuta hewa isiyochujwa. Punje za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda, husaga kuta za silinda na ringi za pistoni, na hapo chuma hupanda, iwe mafuta ni mazito au mepesi. Tena udongo wetu huu mwekundu una chuma ndani yake wenyewe. Silikoni ikipanda peke yake bila alumini inaweza kuwa imetoka kwenye gundi ya gasketi baada ya ukarabati, au kuwa sehemu ya dawa ya kuzuia povu ambayo hutiwa kiwandani. Kuhusu maji aliniuliza nilitumia chupa gani, nami nikamwambia ukweli.

Siku hiyo hiyo tulifungua njia ya hewa ya pikapu nyeupe. Mpira unaotoka kwenye kasha la filtri kwenda kwenye turbo ulikuwa umelegea kwenye kibano, na ndani yake kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu, laini kama poda, ukielekea moja kwa moja kwenye turbo. Filtri yenyewe ilikuwa na upande wa karatasi uliochanika. Hapa nakiri kosa lililokuwa desturi yetu: kila wiki ya kiangazi tulikuwa tunapuliza filtri kwa kompresa, kwa shinikizo kubwa na kwa karibu, tukidhani tunaitunza. Karatasi ya filtri haistahimili jambo hilo. Filtri mpya iligharimu dola 18 na kibano dola mbili.

Nilitaka sasa kujua jibu la swali langu la mwanzo, ambalo bado hakuna aliyelijibu. Kijana wa maabara alinieleza kwamba namba moja iliyo peke yake ina thamani ndogo, na kwamba injini inapaswa kulinganishwa na injini hiyo hiyo. Tukapanga hivi: magari yote mawili yatembee mizunguko miwili ya kilomita 5,000 kwa 15W-40, kisha mizunguko mitatu kwa 5W-30, na kila mwisho wa mzunguko chupa ichukuliwe kwa njia moja. Nikanunua pampu ndogo ya mkono yenye mpira wa plastiki unaopitishwa kwenye tundu la kijiti cha kupimia mafuta. Sampuli huchukuliwa injini ikiwa bado ya moto, dakika chache tu baada ya kuizima, ncha ya mpira ikiwa katikati ya mafuta bila kugusa sakafu ya karteri, na kila gari lina mpira wake. Kama huna pampu, acha mafuta ya moto yatiririke kwanza kwenye tundu la chini, kisha ukinge yale ya katikati. Chupa iwe ile inayotolewa na maabara, na kifuniko kifungwe mara moja, kwa maana vumbi la uani peke yake linatosha kuharibu hesabu.

Kila dereva nilimpa daftari. Mafuta yanayoongezwa njiani huzimua metali zilizomo, hivyo gari lililoongezwa lita moja juu ya saba litaonekana zima kuliko lilivyo. Dereva mmoja alikuwa anaongeza bila kusema, kwa nia njema, akiogopa nitaona gari lake linakula mafuta. Ilinibidi nimweleze kwamba kuongeza si kosa, kutoandika ndilo kosa.

Jambo jingine ambalo ningelifanya mwanzoni kabisa kama ningejua ni kupima mafuta mapya kabla hayajaingia kwenye injini. Bila hayo huwezi kujua gari limebadilisha nini, kwa sababu kalsiamu, zinki, fosforasi na hata silikoni kidogo huwa zimo tangu dumuni. Nilituma 15W-40 yetu na dumu mbili za 5W-30 kutoka kwa wauzaji wawili. Mnato, yaani uzito wa mafuta yanapotiririka, kwenye nyuzi 100 za joto ulipaswa kuwa kati ya 9.3 na 12.5 ili mafuta yaitwe daraja la 30, ile namba ya mwisho ya 5W-30, na kati ya 12.5 na 16.3 kwa daraja la 40. Dumu moja lilikuwa na 11.6, sawasawa. La pili, lenye maandishi yale yale ya 5W-30 na kizibo kilichoonekana kizima, lilikuwa na 15.1, tena zinki na kalsiamu zilikuwa chini kwa namna isiyoeleweka. Kwa lugha nyingine, nilikuwa karibu kufanya jaribio la miezi mingi la mafuta mepesi kwa mafuta ambayo hayakuwa mepesi. Nililirudisha dumu kwa muuzaji, sikurudishiwa fedha, na tangu siku hiyo nanunua mahali pamoja tu. Dumu jingine kutoka kwa muuzaji wa kwanza lilipimwa pia, likatoka na mnato uleule.

Pia ni lazima niseme kwamba maandishi ya 5W-30 hayamalizi habari. Kuna kipimo kingine cha mnato, kinachofanywa kwenye nyuzi 150 mafuta yakiwa yanabanwa na kusuguliwa kwa kasi, kama inavyotokea ndani ya beringi. Kwa daraja la 30 kiwango cha chini ni 2.9, lakini mafuta ya kundi la C3 la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, yanatakiwa yafike angalau 3.5, ilhali ya A5/B5 huwa kati ya 2.9 na 3.5. Madumu mawili yenye 5W-30 mbele yanaweza basi kuacha utando wa unene tofauti mahali injini inapoumia zaidi. Upimaji wa kawaida wa maabara haugusi kipimo hicho. Unapaswa kukitafuta nyuma ya dumu na kukilinganisha na kinachotakiwa na kitabu cha gari lako. Nilichagua ya kundi la C3, na majibu yangu yasichukuliwe kuwa ushahidi kwa makundi mengine.

Mizunguko ilianza Septemba 2022. Pikapu nyeupe, filtri ikiwa mpya na kibano kimekazwa, ilitoa chuma 24 na 21 kwa 15W-40. Kwa 5W-30 ilitoa 20, 19 na 23. Nilipoona 19 nilifurahi, nikataka kumwambia kila mtu kwamba mafuta mepesi yanalinda kuliko mazito, lakini silikoni ilinizuia: mizunguko ya mafuta mazito ilianzia kwenye vumbi la Septemba na Oktoba, na miwili ya kwanza ya mafuta mepesi ilikuwa ndani ya mvua, silikoni ikiwa imeshuka kutoka 8 hadi 5. Mzunguko wa mwisho uliangukia Mei na Juni, vumbi lilipoanza tena, na chuma kikarudi 23 silikoni ikiwa 8. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba tofauti kati ya mafuta na mafuta ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya msimu na msimu. Mtu anayepima Januari na kulinganisha na Agosti analinganisha mvua na vumbi.

Shaba ilinitia hofu ya pili. Katika mzunguko wa kwanza wa mafuta mepesi, pikapu nyeupe ilipanda kutoka 5 hadi 22. Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa shaba ni nini, lakini hii sikuielewa, nikaona tena beringi zinayeyuka. Kijana wa maabara aliniuliza risasi ni ngapi na bati ni ngapi. Risasi ilikuwa 1, bati 0. Beringi inapolika, alisema, shaba haiji peke yake, huja na risasi au bati au alumini kulingana na ilivyotengenezwa. Shaba iliyo peke yake baada ya kubadilisha aina ya mafuta mara nyingi hutoka kwenye kipoza mafuta, dawa zilizomo katika mafuta mapya zikiwa zinaushambulia uso wake mpaka utando mpya ujengeke. Akanishauri nisiguse chochote, nisubiri. Mzunguko uliofuata ilikuwa 14, na uliofuata 8.

Pikapu ya kijivu ndiyo iliyonifundisha upande wa pili, ule ambao wapenda mafuta mepesi hawapendi kuusema. Kwa 15W-40 chuma kilikuwa 17 na 19, kwa mzunguko wa kwanza wa 5W-30 kikawa 18. Mzunguko wa pili kikaruka hadi 33, risasi ikatoka 1 hadi 8, na silikoni haikusogea. Safari hii sikutafuta vumbi. Jibu lilikuwa kwenye mstari wa mnato: 8.7, chini ya mpaka wa daraja la 30, na dizeli asilimia 7 ndani ya mafuta. Injekta moja, kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda, ilikuwa inavuja, na zile saa za kungoja malangoni injini ikinguruma bila kazi zilizidisha tatizo. Kijiti kilikuwa kimeonyesha mafuta yamepanda kidogo badala ya kushuka, jambo ambalo dereva aliliona akalichukulia kuwa habari njema.

Dizeli ile ile ingeingia katika 15W-40 yenye mnato wa 14.5, mafuta yangeshuka mpaka karibu na unene wa daraja la 30, na huenda beringi zisingejua lolote. Ikiingia katika mafuta ambayo tayari ni mepesi, hakuna akiba ya kushukia. Nilimweleza Papa hivyo, nikamwambia kwamba katika hili alikuwa na haki. Akafikiri kidogo, akajibu: “Lakini, Mama, kwa mafuta mazito tusingejua kama injekta inavuja.” Tungejua kwa kuchelewa, pengine kwa pistoni iliyotoboka. Ukarabati wa injekta ulichukua dola 140, na mzunguko wa tatu chuma kikarudi 17, risasi 2, mnato 10.8.

Kuna jambo ambalo chupa haiwezi kuliona, na ningependa kila anayetuma sampuli alijue kabla ya kulala usingizi mzito. Mashine inayohesabu metali huunguza mafuta na kusoma mwanga wake, na huona vizuri punje ndogo sana, zisizozidi mikroni 5 hadi 10 hivi. Vipande vikubwa vinavyomeguka beringi inapovunjika huipita bila kuhesabiwa. Mwenzetu mmoja wa usafirishaji alikuwa na karatasi yenye namba nzuri, na wiki mbili baadaye injini ya lori lake iligonga njiani. Kwa hiyo tangu hapo kila vidanje tunakata filtri ya mafuta, si kwa msumeno, ambao unga wake wa chuma hudanganya, bali kwa kikatio cha bomba. Tunaikunjua karatasi juani na kupitisha sumaku. Vimulimuli vya rangi ya shaba au vipande vinavyoshika sumaku vina uzito kuliko karatasi yoyote kutoka ng’ambo.

Jumla nilituma chupa 16, yaani dola 640. Ukiongeza kushusha karteri, hasara ya madumu na ya lile moja la bandia, nilivuka dola 900, na akiba ya dizeli niliyoitarajia bado haijafikia kiasi hicho. Kwa madaftari yangu inaonekana ipo, lakini mzigo na barabara hubadilika mno kwangu kuitaja kwa namba. Kama ningeanza upya, ningetuma kwanza chupa ya mafuta mapya na chupa mbili za mafuta niliyoyazoea, kabla ya kubadilisha kitu chochote, na hapo majibu ya kwanza ya mafuta mepesi yangenikuta nina cha kuyalinganisha nacho.

Leo pikapu nyeupe inaendelea na 5W-30. Ya kijivu niliirudisha kwenye 15W-40, si kwa sababu namba za mwisho zilikuwa mbaya, bali kwa sababu bado inangoja malangoni, na sitaki kuitegemea injekta moja kila siku. Chupa nachukua sasa mara mbili kwa mwaka kwa kila gari, moja mwishoni mwa mvua na moja katikati ya kiangazi. Karatasi zikifika, Papa huvaa miwani yake, huziweka juu ya boneti, na kidole chake hupita juu ya mstari wa chuma bila kusimama mpaka kifike kwenye silikoni.